Mama wa Feza Alipokataa Kubebwa

Karibuni, vijana. Kaeni hapa karibu na mbabula yangu, jiko hili la makala, mukule kitumbuwa kwanza, kingali moto. Mutu mwenye njaa hasikilizi neno, hata likiwa la Mungu. Hilo ni somo la kwanza la kazi yetu, nimewapa bure, na mafuta yake munalamba kwenye vidole.

Mimi ni Mama Astrida. Hapa Mantapala wengi wananiita Mama Pumzi, kwa sababu nilifanya kazi ya kutuliza mioyo ya watu tangu siku zile za kambi ya Kenani, tulipotoka tu ng'ambo, Kongo, mpaka magoti yangu yalipokataa kuzunguka kambi. Kwenye karatasi za biro, ofisi ya kambi, niliitwa animatrisi, maana yake mwenye kuongoza vikundi. Watoto waliniita "ule mama ya kichwa" na walinikimbia, wakifikiri ninachoma sindano kichwani. Pasta mumoja alisimama kanisani, mbele ya watu wote, akauliza kama hiyo pumzi ninayofundisha inatoka kwa Roho Mutakatifu ao inatoka fasi ingine. Nikamujibu, "Pasta, inatoka puani." Kanisa zima likacheka, naye akacheka, na juma lililofuata alimuleta muke wake ambaye alikuwa halali usingizi.

Sasa ninasikia ninyi muko na simu zenye sauti ya mwanamuke anayewaambia vuta pumzi, toa pumzi, polepole, kama mutu anayeuza usingizi kwa kipimo. Nzuri sana, sikatai. Lakini siku ile umeme wa jua unakosa kuchaji simu, na mama wa watu anatetemeka mbele yako, utamufanyia nini? Utamwambia angojee jua litoke? Ndiyo maana ninataka muskie habari ya Feza. Kazi yote iko ndani ya habari hiyo.

Bon. Aliyenifundisha kazi ni Ba Chola, munesi wa kule Nchelenge, mutu munene, mwenye kucheka na tumbo lote. Alizaliwa kando ya ziwa. Baba yake aliloba samaki, mama yake alianika chisense, wale samaki wadogo kama vidole vya mutoto, na yeye mwenyewe alijua kuogelea mbele ya kujua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu: "ngapi", "punguza", na "wee, uongo!" Mimi nilikuwa na Kibemba cha kutosha, kwa hiyo yeye alisema na mimi niligeuza kwa Kiswahili.

Siku moja alikuja na zoezi jipya. Wanawake walikaa ndani ya hema kubwa, kwenye mikeka, pamoja na watoto wao na muzee mumoja, Papa Kilufya, ambaye alikuja kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Ba Chola akawaambia wafunge macho. Akaanza kwa sauti tamu: "Muko kando ya ziwa. Ni asubuhi. Maji yanakuja mpaka miguuni, yanarudi. Sasa muko ndani ya bwato, na maji yanaliyumbisha polepole, polepole..."

Yoo! Sijamaliza kugeuza, mama mumoja akaanza kusali kwa sauti kubwa. Mwenzake akanyakua watoto wawili na kukimbia nao, na watoto hawakuwa wake. Na binti mumoja aliyekaa nyuma, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, hakutafuta hata mulango. Alipita chini ya turubai kama kuku, akapotea. Huyo ndiye Feza.

Hema likabaki na sisi wawili na Papa Kilufya, ambaye alikuwa anakoroma. Tulipomuamusha akasema hakulala, alikuwa anafuata zoezi.

Ba Chola aliniangalia. "Astrida, nimewapeleka wapi hawa?"

"Ba Chola, umewarudisha ndani ya bwato."

Akakaa chini palepale, kofia mukononi. Mutu huyu hakuwa mupumbavu, musicheke hivyo. Kwake yeye ziwa ni nyumbani. Akiwa na huzuni anaenda kusikiliza maji, na anarudi amepona. Alitaka kutugawia kile alichopenda kupita vyote. Hakufikiri, na mimi pia sikufikiri upesi, kwamba sisi wote tulikuja Zambia kwa maji hayohayo, wengine usiku, wengine mchana, watu wamejazana kama muhogo ndani ya gunia, na si wote walifika. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba anaruka. Kamba ya mutu mumoja ni kitanda cha mwenzake.

Kesho yake alirudi, akasimama mbele ya wanawake, na akakataa nigeuze. Akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mimi kosa. Ziwa hapana. Ziwa kwisha!" Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Toka siku ile wangemufuata Ba Chola popote. Munaona? Mukubwa akikosa, aseme "nimekosa" kwa maneno mafupi. Watu walioumizwa wanajua haraka kama unawadanganya.

Halafu akawauliza, kila mumoja: fasi yako ya raha ni wapi? Yako wewe, si yangu. Mama mumoja akasema ni chini ya ghala la mahindi kwa bibi yake. Mwingine akasema ni wakati bukari, ugali wetu, imesimama tayari na sombe ya majani ya muhogo imeiva na hakuna mugeni. Mwingine akasema, "Fasi yangu ya raha ni kitanda, wakati bwana yangu iko kwa safari." Makofi! Zoezi hilo lilifanya kazi kuliko yote, na hatukulipanga hata kidogo.

Lakini Feza hakurudi hemani. Nikataka kumufuata mbio. Ba Chola akanizuia. "Mutu anayekimbia, ukimufuata mbio, wewe pia unakuwa kitu cha kukimbia." Nikangojea, kisha nikaenda kwake taratibu, nikikohoa njiani ili anisikie mbele ya kuniona.

Sikilizeni vizuri hapa. Ukifika kwa mutu kama huyo, usikae kati yake na mulango. Kaa pembeni, yeye aone nje. Usimukamate mukono mbele ya kumuuliza. Na usimuulize, "Ilikuwa namna gani kule?" Nani amekutuma? Utafungua chungu, halafu utaangalia saa na kusema nina kikao, na yeye atabaki na chungu wazi usiku kucha. Uliza habari ya leo. Mimi nilimuuliza, "Feza, umekula?"

"Hapana, mama. Mbabula inakataa kuwaka."

Makala yake yalikuwa yamenyeshewa. Alipuliza kwa nguvu, kwa hasira, fuu, fuu, majivu yakamurukia machoni. Nikamuuliza kama ninaweza kupiga magoti karibu yake. Akaitika na kichwa.

"Hapana ile," nikamwambia. "Vuta kidogo na pua. Halafu toa na kinywa, refu, pole. Makala yawe mekundu, majivu yasiruke."

Akajaribu. Majivu yakaruka. Tena. Yakaruka kidogo. Tena, na kaa moja likafungua jicho jekundu. Akaendelea hivyo, mi pembeni nikipuliza naye, mpaka mbabula ikawaka na maji yakaanza kuimba ndani ya sufuria. Alikaa nyuma kwa visigino, akaweka mukono kifuani.

"Mama, mutima yangu imeshuka," akasema, na alishangaa kweli.

Na mimi nilishangaa! Nilikuwa nimefundisha pumzi miezi na miezi, hesabu ngapi ndani, hesabu ngapi nje, watu wanakosea hesabu na kugombana. Kumbe kila mama wa Kongo anapuliza mbabula asubuhi na jioni. Nilimuambia Ba Chola, akaruka juu. Tangu siku ile tulisema tu: puliza mbabula. Hata mahali hakuna moto. Hata ndani ya foleni ya unga. Ukitoa pumzi refu kuliko ile uliyovuta, mwili unaelewa kwamba hakuna anayekukimbiza. Ndiyo maana waliniita Mama Pumzi. Jina lingepaswa kuwa la Feza.

Nisiwadanganye, pumzi si dawa ya kila kitu. Kuna mutu anayesikia sauti zisizokuwako, kuna mutu anayetaka kujiua. Huyo usimupulizie mbabula, muende naye kliniki, wewe mwenyewe, miguu yako na yake. Na kuna wanaume, ee Mungu wangu! Wanaume hawakuja hemani hata kwa soda. "Mi siko mugonjwa, ni tumbo tu." Miaka yote, tumbo tu. Tukawaita kuchonga mipini ya majembe. Mutu akishika kisu na muti, macho yake yanaangalia chini, na maneno yanatoka yenyewe. Mipini mingine ilitoka myembamba kama kijiko, kwa sababu mwenyewe alikuwa na mengi ya kusema.

Turudi kwa Feza. Mambo yake aliniambia mwenyewe, kwa wakati wake, siku tukimenya mihogo. Bwato lao lilijaa kupita kiasi, maji yakaingia, na kaka yake Ilunga hakufika ng'ambo. Mama yao alikuwa kijiji kingine siku ile vita ilipoingia, na hakuna aliyejua alikimbilia wapi. Feza alisema hayo akimenya, bila kuinua macho, nami nikamenya. Tulimenya mihogo mingi kuliko iliyohitajika.

Tangu hapo Feza aliogopa maji. Si ziwa tu. Alizunguka hata kidimbwi cha mvua. Aliolewa hapa Mantapala na Kabange, kijana mwema, mulimaji, mwenye masikio makubwa na haraka ya kusaidia, na Kabange ndiye aliyekwenda Nchelenge kila mara, kununua samaki wa kuuza. Feza hakushuka huko hata siku moja. Aliuza nyanya zake hapa kambini na alikuwa anacheka, anakula, analala. Nikasema, basi, ziwa si lazima. Mutu anaweza kuishi bila ziwa.

Halafu habari ikaja. Muchuuzi mumoja wa chumvi na mawese, anayevuka na bwato lake, alimukuta mama wa Feza. Muzima! Mama Nkulu, Kilwa, ile ya upande wa Kongo, anakaa peke yake kwa chumba cha watu wa kanisa. Kabange alipiga simu kwa muchuuzi, muchuuzi akamupa Mama Nkulu, Feza akasema, "Mama, ni mimi." Na mama yake akajibu nini? Akajibu, "Uongo."

Musimulaumu. Watu walishamudanganya mara nyingi: Feza yuko Lubumbashi, Feza alikufa, toa kitu kidogo tukupeleke kwa Feza. Na sauti ya simu, alisema, hata mwizi anayo. "Nitakuya na bwato ya uyu bwana," akasema. "Kama Feza ni muzima, asimame pale pa ziwa, nimuone na macho yangu. Nisipomuona nabakia mu bwato, narudia. Sitashuka kwa inchi ya batu kufwata sauti."

Feza alirudisha simu kwa Kabange na akakaa chini. Kabange akasema haraka, "Mi nitasimama pale! Mi nitamueleza!" Lakini Mama Nkulu hakumujua Kabange hata kwa picha. Ni Feza tu, na lazima asimame kando ya maji.

Feza akaja kwangu. "Mama Pumzi, nitaweza?"

Vijana, hapo ndipo mutu anapenda kusema "Utaweza!" kwa sauti ya pasta. Sikusema. Nilimuambia, "Sijui. Tujaribu kidogo, na wewe ndiye unasema simama."

Tulianza na beseni, ndiyo, beseni la kuoshea vyombo. Miguu ndani, anapuliza, anataja anachoona: kuku, kamba ya nguo, Mama Pumzi na kitambaa kichafu. Kutaja kitu kinachoonekana kunamukumbusha mutu kwamba yuko leo, hayuko siku ile. Kisha tukaenda kijito cha karibu. Kisha siku moja tukapanda gari mpaka Nchelenge, si kwa maji, sokoni tu, mahali ambapo ziwa linanukia lakini halionekani.

Sokoni tulienda vizuri mpaka Feza alipokamata kopo la chisense kulipima, na upepo ukainua turubai la nyuma, na ziwa likatokea lote, jeupe, kubwa. Mbio! Na kopo mukononi. Mwenye samaki, mama mumoja Mubemba anayeitwa Bana Mulenga, akapiga kelele, "Kabolala! Mwizi!" na soko likasimama. Mimi nikakimbia nyuma ya Feza, Bana Mulenga nyuma yangu na fagio, na nyuma yake watu ambao hawakujua hata wanamukimbiza nani. Nilipomupata Feza kwenye kituo cha magari alikuwa anapuliza mbabula kwa nguvu zote, na kopo limejaa, hakumwaga hata samaki mumoja.

Nilimueleza Bana Mulenga kwa Kibemba. Alisikiliza, fagio chini. Halafu akamuuliza Feza kama anaweza kumushika bega, akamushika, akasema, "Kesho uje tena. Ukae nyuma ya meza yangu, mugongo kwa ziwa. Ukichoka na watu, unageuka kidogo. Ukichoka na ziwa, unarudi kwa watu." Hakuenda formasio yoyote, hakuna aliyemufundisha, na siwezi kupanga vizuri kuliko hapo. Basi Feza akawa anakaa pale siku za soko, akigeuka kidogo, kidogo zaidi, mpaka siku moja alimenya chungwa akiangalia maji.

Kisha muchuuzi akatuma neno: bwato linaondoka.

Tulipanga hivi. Pale Nchelenge maji ya kando hayana kina, bwato kubwa haliwezi kufika kwenye muchanga. Linasimama mbali kidogo, na wabebaji wanaingia na kuwatoa watu na mizigo mugongoni. Feza atasimama pakavu, mama yake amuone, mubebaji amulete. Kwisha. Maji hayatamugusa Feza hata kidole. Ba Chola mwenyewe alikuja, na kofia yake. Bana Mulenga alikuwa amepika tangu asubuhi.

Bwato likaja. Feza akasimama kwenye muchanga, ananikamata mukono mpaka mifupa inalia. Na kule mbele, kati ya magunia, kimama kidogo kikasimama, kikaweka mukono juu ya macho.

"Feza?"

"Mama!"

"Inua kitambaa, nione sura!"

Feza akavua kitambaa. Kule bwatoni tukasikia sauti ya kilio na kicheko pamoja, na sisi wote kando tukalia, hata Ba Chola. Nikasema, asante Mungu, kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wabebaji wote walikimbilia magunia ya chumvi. Na Kabange, huyo mwenye haraka ya kusaidia, hakuweza kungojea. Akaruka majini na suruali yake ya kanisani, akafika kwa bwato, akageuza mugongo.

"Panda, mama!"

"Asante, mutoto. Wewe ni nani?"

"Ni mimi Kabange! Bwana ya Feza!"

"YOOO!" Mama Nkulu akafunika uso na kitenge chake chote.

Kwa wale wenu waliokulia mijini: kwetu, mukwe na mama mukwe wanaheshimiana mpaka kuogopana. Hawaangaliani machoni, hawali sahani moja, hawagusani hata kwa bahati mbaya. Na huyu anamwambia apande mugongoni, afungue miguu, amukamate shingoni, mbele ya ziwa zima! Wanawake wa Kongo wakapiga mayowe ya hofu, na Wabemba vilevile, kwa maana heshima hiyo wanayo pia. Bana Mulenga alipiga kelele, "Awe, awe! Hapana, Kabange!" Maskini Kabange alisimama maji mpaka kiunoni, hakujua aangalie wapi. Akaangalia mbinguni.

Mubebaji mumoja akaja, lakini Mama Nkulu alikuwa amekwisha kukaa tena juu ya gunia.

"Haya ya leo imenitosha. Mwanaume hata mumoja asinikamate tena. Mutoto yangu si iko pale? Akuye anibebe yeye."

"Mama, Feza anaogopa maji," Kabange akasema kwa mbingu.

"Mimi vilevile naogopa maji! Nimevuka kwa sababu yake!"

Na muchuuzi akatangaza kwamba akimaliza kushusha chumvi anageuza bwato, yeye na kila aliyebaki ndani.

Feza alisikia yote. Nilimuambia, "Si lazima. Tutatafuta mwanamuke mwingine. Nitaingia hata mimi."

Akaangalia magoti yangu. "Mama Pumzi, tutabeba wabibi wawili," akasema, na akacheka, kicheko kidogo cha kukauka. Halafu akaachilia mukono wangu.

Aliingia akitaja kwa sauti. "Muchanga. Baridi. Majani. Bana Mulenga anapiga kelele." Maji kwenye vifundo. Maji kwenye magoti, akasimama. Nilitaka kuita, Ba Chola akatikisa kichwa. Feza akapuliza, refu, tuliona mabega yakishuka, akaenda tena. Mbele kidogo akafunga macho.

"Fungua macho, wee Feza!" Mama Nkulu akamukaripia toka juu. "Unatembea kama mulevi!"

Akafungua. Kabange alirudi nyuma kwa heshima, akitembea kando kama kaa. Feza akafika, akageuza mugongo, na mama yake akapanda.

Walikuwa katikati ya njia wakati bwato ingine lilipopita na injini yake, na mawimbi yakaja. Si makubwa. Lakini Feza alisimama kama muti, mabega yakapanda mpaka masikioni, na hakupuliza, hakutaja kitu. Niliona, na sikuwa na la kufanya. Mbali hivyo, kazi yangu yote haikumufikia.

Ndipo mukono wa Mama Nkulu ukaanza. Alimupigapiga ubavuni, taratibu, pa, pa, pa, namna mama anavyopigapiga mutoto aliye mugongoni, ijapokuwa mutoto ndiye aliyembeba. Na aliimba kwa pua, bila maneno. Sidhani hata alijua anafanya hivyo. Macho yake yalikuwa yanatafuta mifuko yake bwatoni. Mabega ya Feza yakashuka, moja, kisha lingine. Akatembea.

Walipofika pakavu watu waliwazunguka, wakisema mushushe, mushushe, apumuzike. Feza hakumushusha. Alisimama, sketi inatiririka maji, na uso wake ukabadilika.

"Mama," akasema, "mbona umekuwa mwepesi hivi?"

Mama Nkulu aliweka shavu lake kwenye mugongo wa binti yake.

"Nilikuwa nakula mi peke yangu, mutoto yangu."

Feza akamukaza vizuri mugongoni, akapita katikati ya watu wote, akamubeba hivyohivyo mpaka sokoni, kwa Bana Mulenga, ambako bukari ilikuwa imesimama.